Shavu la Mama Shuka

Siku pazia lilipovutwa katika ukumbi wa mapokezi wa hospitali, watu walipiga makofi kabla ya kutazama. Ndivyo tulivyozoeshwa: mkubwa akishika kamba, mikono yetu hugongana yenyewe. Mchoraji hakupiga makofi. Alikuwa amesimama karibu na dirisha la kuchukulia dawa, mkoba begani, akiutazama uso alioufanyia kazi kwa wiki kumi na moja, na uso ule haukuwa tena ule aliouchora. Shavu la kushoto lilikuwa laini kama ganda la yai. Kovu lililoanzia chini ya jicho, likaipita taya na kushuka mpaka shingoni, halikuwepo.

Ilikuwa picha ya kwanza kati ya sita zilizoagizwa, na aliyechorwa ni mfuaji wa mashuka wa hospitali hiyo, mwanamke aliyestaafu baada ya miaka thelathini na mmoja, ambaye wauguzi wote humwita Mama Shuka. Mwenyewe alikuwa ameketishwa safu ya pili, nyuma ya wajumbe wa bodi. Aliitazama picha kwa muda, akapeleka mkono shavuni, kisha akamwinamia muuguzi aliyekaa naye.

"Samahani, mwanangu," akauliza kwa sauti yake ya kawaida, "huyo ni nani?"

Waliosikia wakacheka, wakidhani bibi anatania. Hakuwa anatania.

Naliweka jambo hili wazi mapema, ili asije akatokea mtu wa kusingizia kwamba hakuelewa: picha ile haikuharibika, iliharibiwa. Kulikuwa na aliyetoa amri, na kulikuwa na aliyeitekeleza. Ili msomaji apime uzito wa kitendo hicho, inafaa kwanza amjue mchoraji na namna anavyofanya kazi.

Mitaani anaitwa Bi Kodoa. Jina hilo alipewa na wachuuzi wa sokoni, kwa kuwa akisimama kununua nyanya humkodolea macho muuzaji mpaka muuzaji anajipangusa uso akidhani amepakaa masizi. "Mama, nyanya ziko huku chini," mmoja alimwambia siku moja, "puani kwangu siuzi kitu." Hakuudhika. Alimwomba mchuuzi yule ageuke kidogo upande wa mwanga.

Alipomaliza kidato cha nne aliingia katika karakana ya Fundi Bango, mzee aliyeandika mabango ya maduka, gereji na saluni. Alikaa hapo miaka tisa. Alijifunza kuchanganya rangi, kuvuta mstari ulionyooka bila rula, na kupanda ngazi penye upepo akiwa na kopo mkononi. Alijifunza pia kanuni ambazo Fundi Bango alizisimamia kwa ukali kuliko mwalimu wa hesabu: usipake kitu juu ya vumbi, usipake kitu juu ya unyevu, na usithubutu kupaka rangi ya maji juu ya vanishi, maana haishiki. Aliyekosea hilo aligongwa vidole kwa mpini wa brashi na kuambiwa akaanze upya.

Kilichomtoa kwenye mabango ni vichwa vya kinyozi. Kinyozi mmoja aliagiza bango lenye vichwa sita vya kuonyesha mitindo ya nywele. Vichwa vya namna hiyo hufanana vyote: kijana mmoja mtanashati amerudiwa mara sita. Binti yule akaenda kukaa kibarazani kwa kinyozi siku mbili, akawachora wateja wenyewe. Mmoja wao alikuwa mchukuzi wa mizigo, mwenye sikio lililokunjamana na shingo iliyonenepa upande mmoja kwa sababu ya magunia.

Kinyozi alipoliona bango akakunja uso. "Nani atakuja kwangu ili atoke amefanana na huyu?"

"Huyu anakuja kwako kila Ijumaa," binti akamjibu.

"Ndiyo, lakini si lazima watu wajue."

Fundi Bango alicheka mpaka akaegemea ngazi. Walipobaki wawili akamwambia, "Binti, bango linauza ndoto. Wewe unawauzia watu mtu."

"Basi nitafute pa kuuzia mtu, Fundi."

Bango lilikataliwa, likaegemezwa ukutani nje ya karakana. Yule mchukuzi akawa anapita kila jioni na mkokoteni wake, anasimama, anajitazama, kisha anaendelea na safari. Bi Kodoa anasema kwamba kusimama kule ndiko kulikomfundisha kazi yake ni nini.

Miaka kumi na mitatu sasa ana chumba chake juu ya duka la kutengeneza baiskeli, chenye dirisha moja linaloingiza mwanga wa asubuhi. Ndani mna kiti kimoja kizuri, cha mkono, chenye pa kuegemeza viwiko, na hicho si chake. Ni cha anayechorwa. Yeye hukalia kigoda alichokikata miguu kwa msumeno. Anataka macho yake yawe chini ya macho ya mgeni wake, kwa sababu wengi anaowachora ni watu wanaotazamwa kutoka juu tangu asubuhi mpaka jioni: wafagiaji, mafundi bomba, walinzi, wapishi wa shule. Hachori kutoka kwenye picha ya simu. Siku ya kwanza hachori kabisa. Humwacha mtu azungumze mpaka achoke kujipanga. Siku ya pili huanza na sikio. Ukimwuliza kwa nini, atakwambia mdomo umeshazoea kutabasamishwa na macho yameshazoea kuinamishwa, ila sikio bado halijafunzwa adabu.

Zaidi ya hayo ana sharti moja ambalo halivunji. Picha ikikauka na kupigwa vanishi, mwenye uso ndiye wa kwanza kuiona, peke yake, mlango umefungwa. Akisema siye, kazi inarudiwa. Akisema ndiye, anachovya dole gumba katika rangi na kulikandamiza nyuma ya turubai. Bila dole lile, picha haitoki chumbani, hata aliyeiagiza awe nani.

Kaka yake, karani wa posta, mpole lakini mwenye ushauri mwingi, amemsihi mara kadhaa awachore wakubwa. "Dada yangu, hata wewe una tumbo. Mchore meneja mmoja tu."

"Aje."

"Hawezi kukaa kwenye kiti wewe umekaa chini ya magoti yake kama unamshonea viatu."

"Basi asubiri kiatu kitoboke."

Ndivyo alivyo. Kwa hiyo barua ya bodi ya hospitali ilipofika, ikisema kwamba hospitali inatimiza miaka hamsini na kwamba bodi inataka picha za wafanyakazi sita wa ngazi ya chini, aliisoma mara tatu akitafuta mahali penye mtego. Hakuuona. Barua, yenye saini ya Mwenyekiti, ilisema wafanyakazi hao wachorwe "kama walivyo". Maneno hayo ni ya bodi yenyewe. Naomba msomaji ayashike.

Mama Shuka alikuja wa kwanza. Kwa wiki mbili alikaa kiti kile ameelekeza shavu la kulia dirishani, la kushoto kivulini, na Bi Kodoa hakumgeuza. Alichora sikio la kulia, akachora mikono iliyolegea ngozi kwa maji ya sabuni. Wiki ya tatu mama yule aliingia, akakikamata kiti na kukigeuza mwenyewe, kikakwaruza sakafu.

"Umenivumilia vya kutosha," akasema. "Leo chora huku."

Ndipo akaeleza. Chumba cha kufulia kilikuwa na boila kubwa la kuchemshia maji, na boila lile lilikuwa na vali ya kupunguza mvuke ambayo ilikuwa imekwama. Aliiripoti mara tatu katika daftari la matengenezo. Mara ya kwanza aliambiwa fundi anakuja. Mara ya pili aliambiwa asiwe na haraka. Mara ya tatu hakujibiwa. Siku vali ilipofyatuka alikuwa ameinama kuzoa mashuka ya wodi ya wazazi, na mvuke ulimpata upande wa kushoto. Alilala katika hospitali hiyo hiyo miezi minne. Alipotoka alikuta ripoti imeshaandikwa, na sababu ya ajali ilikuwa maneno matatu: uzembe wa mfanyakazi.

"Ukarudi kazini?" Bi Kodoa akauliza.

"Mashuka yangejifua?" Kisha akaongeza, bila kuinua sauti, "Kovu hili sikuja nalo kutoka nyumbani. Nimelipata mle mle. Ukilichora, lichore lote. Lakini usilichore la kuhurumiwa, tafadhali. Nimeshahurumiwa sana, na hakuna aliyenihurumia aliyeifuta ile ripoti."

Basi kazi ikaanza upya. Ngozi iliyoungua haipokei mwanga kama ngozi nyingine. Penye makunyanzi pana giza, penye kuvutika pana mng'ao kama wa karatasi iliyolowa. Bi Kodoa alilichora kovu lile mara nne na kulikwangua mara tatu. Alilipaka kwa tabaka nyembamba, akisubiri kila moja ikauke, mpaka likakaa usoni kama mto unavyokaa katika ramani, sehemu ya nchi na si kosa la mchapaji. Picha ilipokamilika Mama Shuka alifungiwa nayo chumbani kwa muda uliomtosha fundi baiskeli wa chini kuziba pancha mbili. Alipofungua mlango, dole gumba lake lilikuwa tayari limeshachovywa.

Picha ikapelekwa ofisini kwa bodi siku kumi kabla ya sherehe. Siku kumi zilitosha.

Baada ya makofi na soda, ukumbi ulipopungua watu, Bi Kodoa aliisogelea picha. Rangi ya shavuni ilikuwa kavu, haina uhai, imepakwa kutoka kushoto kwenda kulia na kuinuliwa kidogo mwishoni mwa kila mpako. Mkono ule aliujua. Alikuwa amefanya kazi kando yake miaka tisa. Hakuaga mtu, alikwenda moja kwa moja karakana kwa Fundi Bango, akamkuta anasafisha brashi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa nakungoja. Kaa."

"Sikai. Nani alikutuma?"

"Katibu wa bodi. Aliniambia, 'Mzee, kuna doa dogo kwenye picha, Mwenyekiti hataki wageni walione.' Ilipofunuliwa nikaona lile sikio, nikajua ni yako."

"Na bado ukapaka."

"Nikapaka. Ningekataa wangemwita yule kijana wa gereji apige rangi ya magari. Hiyo ukitaka kuitoa, unaitoa na turubai."

"Wewe umepaka nini?"

Mzee akaitazama brashi yake. "Rangi ya maji. Ya ukutani."

"Juu ya vanishi yangu?"

"Juu ya vanishi yako."

"Fundi, kwa kosa hilo ulinigonga vidole mara ngapi?"

"Mara mbili. Ya pili ulilia." Akaining'iniza brashi msumarini. "Katibu alisema ipendeze siku ya sherehe. Idumu, hakusema."

Wapo watakaomsifu mzee huyo kwa ujanja. Bi Kodoa hakumsifu, nami simsifu. Alimwambia usoni kwamba bibi wa watu amekaa mbele ya halaiki na kuonyeshwa uso wa mgeni akiambiwa ni wake, na kwamba neno moja la mapema lingemwepusha na aibu hiyo. Fundi Bango aliinamisha kichwa.

"Basi kesho asubuhi nenda na kitambaa cha maji ya moto," akasema hatimaye. "Dakika kumi, umemaliza. Nani atakuona?"

"Ndiyo maana siendi. Nikifuta kwa siri, wao watakuwa hawajafunika kitu, na mimi nitakuwa nimeharibu mali ya hospitali. Walifunika kwa kikao. Kitafunuliwa kikaoni."

Alimwendea Mama Shuka, akamweleza yote. Mama yule aliuliza swali moja tu: kikao kinakaa siku gani. Bi Kodoa akaandika barua kuomba nafasi. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwamba bodi ina shughuli nyingi. Ya tatu aliipeleka kwa mkono, akaketi kwenye benchi nje ya mlango wa katibu siku mbili mfululizo, akimkodolea macho kila aliyeingia na kutoka. Siku ya tatu wakampa Alhamisi, saa nne asubuhi.

Siku hiyo Bi Kodoa na Mama Shuka walipita kwanza mapokezi, wakaishusha picha kutoka kwenye misumari yake mbele ya mlinzi, ambaye alikuwa amepokea mashuka safi kutoka kwa Mama Shuka kwa miaka mingi na ghafla akakumbuka kwamba ana jambo getini. Wakaingia nayo kikaoni.

Mwenyekiti ni mtu wa maneno laini. Alianza kwa kumvisha Mama Shuka kilemba cha ukoka: nguzo ya hospitali, mama wa wote, mfano kwa vijana. Kisha akamgeukia mchoraji. "Sisi tulifanya kwa heshima yake. Hakuna mwanamke anayependa kovu lake litundikwe mbele ya watu. Na wewe, bibie, una picha tano zimebaki. Kazi ipo. Tusiharibiane."

Kila aliyekuwa mle alielewa maana ya maneno hayo. Picha tano ni kazi ya mwaka mzima, kwa mtu ambaye hajawahi kupata agizo kama hilo maishani. Bi Kodoa hakubishana. Aliigeuza picha, nyuma ikawa mbele, akaiegemeza juu ya meza. Dole gumba lilikuwa pale, jekundu, limetulia.

"Huyu ndiye aliyesema ndiye," akasema. "Bodi ilimwuliza lini?"

Katibu akapekua karatasi zake kana kwamba jibu limejificha ndani yake.

Ndipo Mama Shuka alipozungumza. "Mwenyekiti, mwanangu, mimi si msomi, kwa hiyo nisaidie. Mkasema kovu lisiwepo. Sawa. Kama kovu halipo, basi mvuke haukuniunguza. Na kama mvuke haukuniunguza, ule uzembe mliouandika, niliufanyia wapi?"

Mjumbe mmoja akakohoa.

"Naomba beseni la maji ya moto," mama akaendelea, "na kitambaa cheupe."

"Mama, hiyo ni mali ya hospitali," katibu akasema.

"Hata mashuka yalikuwa mali ya hospitali. Madoa niliyatoa miaka thelathini na mmoja na hamkunizuia."

Hakuna aliyesimama. Mhudumu wa chai, ambaye alikuwa mlangoni na birika, aliingia, akamimina maji ya moto katika bakuli na kutoa kitambaa begani kwake. Mama Shuka hakusugua. Alilowesha kitambaa, akakikamua kwa namna ambayo mikono yake haijaisahau, akakilaza juu ya shavu lililochorwa na kukiacha hapo, kiganja kimetulia juu yake, wakati wajumbe wakitazama saa zao. Alipokiinua, rangi ya ukutani ilikuja nayo kama utando wa maziwa. Akageuza upande safi, akalaza tena. Mara ya nne, kovu lote lilikuwa nje, na mng'ao wake, na giza lake, halikuguswa.

Akaiangalia picha, kisha akawaangalia wao. "Huyu namjua," akasema.

Mwenyekiti akafunga kikao kwa madai kwamba muda umekwisha. Ilikuwa saa nne na dakika thelathini na tano.

Jumatatu iliyofuata ukutani palibaki misumari miwili. Picha iko katika ghala la vitanda vibovu, imegeuzwa uso. Aliyeipeleka huko ameniambia mwenyewe. Bi Kodoa amepokea barua inayosema kwamba agizo la picha tano limesimamishwa mpaka taarifa nyingine.

Hakusubiri taarifa nyingine. Mpishi wa wodi ameshachorwa. Dereva wa gari la wagonjwa ameshachorwa. Mtunza bustani anakaa kwenye kiti cha mkono kila asubuhi kabla ya zamu, na sikio lake limekamilika. Mhudumu wa chumba cha maiti, na yule mhudumu wa chai aliyechukua nafasi ya sita kwa haki yake, wameshapangiwa wiki zao. Hakuna aliyeagiza, hakuna bodi itakayopitisha. Kaka yake alipomwuliza atazitundika wapi, alimjibu kwamba ukuta wenyewe upo, umejengwa, una misumari, na kwamba yeye hana haraka ila hana pia nia ya kuacha.

Sasa nasema nanyi, Mwenyekiti na wajumbe wa bodi, kwa kuwa barua mnazijua kuziandika na za wengine mnajua kuzinyamazia. Mliagiza watu wachorwe kama walivyo, na saini iko chini. Itoeni picha ghalani. Itundikeni mapokezi, katika kimo cha macho, mahali ambapo kila anayesubiri kuitwa atauona uso ule wote. Leteni daftari la matengenezo la mwaka wa ajali, fungueni kurasa tatu ambazo mfuaji aliandika kuhusu ile vali, na mfute katika ripoti yenu neno uzembe, au andikeni lilikuwa uzembe wa nani. Fanyeni hivyo Mama Shuka akiwa mbele yenu, ameketi safu ya kwanza, na mumwulize kabla ya kushika brashi.